Gari la Mama Mkwe, Magurudumu ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mtu mzuri, na sitaki mtu aje kuniambia nilimsema vibaya. Ila alikuwa akiamua jambo la kijinga, analifanya kwa moyo wote, na mwaka ule aliamua kuagiza gari Ulaya.

Tulikaa Sepuka, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Alikwenda mpaka Mitundu huko porini kununua nta kwa warina asali, akaipeleka stesheni ya Itigi, ikapanda treni hadi Dar es Salaam kwa kampuni moja ya wanunuzi. Siku moja akamuuliza karani wa kampuni hiyo nta inaishia wapi. Karani akamjibu, Uingereza. Basi! Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

"Yaani nta yangu imefika Uingereza," ananiambia. "Nta ya nyuki wa Mitundu imepanda meli. Na mimi sijapata hata sindano ya kutoka huko."

Nikamwambia sindano zipo dukani, aende akanunue. Hakunisikia.

Padri mmoja wa misheni alikuwa amempa kitabu cha picha za magari, cha zamani, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Akawa anakifungua jikoni kwangu, anakaa njiani kabisa, ninaruka miguu yake na chungu cha moto mkononi. Alipenda gari moja la kijani lenye taa mbili kubwa mbele. Akasema lina uso wa mtu mpole. Karani akamwandikia kwamba lipo moja la namna hiyo, limetumika, mwenyewe ni mwalimu mzee wa huko ambaye macho hayaoni tena vizuri, na kwamba anaweza kuletewa kwa meli. Kuanzia hapo mume wangu akaacha kula vizuri.

Sasa sikilizeni shida ilipoingia. Nta peke yake haikutosha, ikabidi ng'ombe watoke. Na kwetu Wanyaturu wakati ule ng'ombe alikuwa na nyumba yake. Kila mama alikuwa na ng'ombe wa nyumba yake, na mtoto wa kiume, hata awe na ndevu mpaka kifuani, atawachunga, atawaogesha, atawatibu, lakini hamtoi hata mmoja bila neno la mama. Ng'ombe wa mume wangu mwenyewe walikuwa mifupa mitupu. Ng'ombe mwenye maana pale nyumbani alikuwa mmoja, jike jeupe lenye mabaka mekundu, la mama mkwe wangu, lililoingia kwenye mahari ya binti yake. Mama mkwe alikuwa analikamua mwenyewe na kulikuna nyuma ya masikio. Hata mimi mkwe wake hakuniruhusu kuligusa chuchu.

Mume wangu akalipeleka mnadani mjini Singida na ndama wake wawili. Akamwambia mama yake amelipeleka Mandewa, kwa rafiki yake, likapate malisho mazuri. Uongo huo ulikuwa wa akili, kwa sababu kila mtu alikuwa na ng'ombe wake wamelala kwa rafiki huku na kule, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote pamoja. Mama mkwe akakubali, akamsifu hata.

Je, mimi nilijua? Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka kukaa ndani ya gari nionekane. Haya, nimesema.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja mama mkwe akatoka na kibuyu chake cha maziwa begani na kanga yake nzuri.

"Unakwenda wapi, mama?" nikamuuliza.

"Mandewa. Nakwenda kumsalimia ng'ombe wangu."

Mume wangu yuko Itigi, mimi nitasema nini? Nikasema, "Safari njema, mama." Akatembea siku mbili kwenda. Rafiki wa Mandewa hakuwa ameambiwa lolote, akamkaribisha, akampa uji, akamuuliza kwa heshima zote, "Ng'ombe gani, mama?" Akatembea siku mbili kurudi, na kibuyu kikavu.

Mume wangu alikuwa amesharudi. Alikuwa amesimama uani. "Shikamoo, mama," akasema. Mama mkwe akampita, akaingia ndani kwake, akafunga mlango.

Mtu wa leo atasema, ah, salamu tu hiyo. Si salamu tu. Mume wangu akiwa nyumbani hakuwahi kuanza siku bila kwenda mlangoni kwa mama yake, tangu alipokuwa mtoto mpaka tulipokuwa na watoto wetu wawili. Shikamoo, marahaba, ndipo anakunywa uji. Sasa anakwenda, anaamkia, kimya. Akamwamkia kwa Kinyaturu, kimya. Akamwamkia kwa Kiswahili, kimya. Siku moja akamwamkia kwa Kiingereza alichookota jeshini, na mama mkwe akatema mate, tena si mbali na kiatu chake. Mwanaume akakonda. Alikuwa anaogopa kupanda baiskeli, anaogopa kuvuka mto, akisema mtu asiye na radhi ya mama yake akianguka haokotwi. Nikamwambia, basi ondoa hilo gari. Akaniambia gari liko baharini, nitaliambia nini?

Habari ikaja kwamba limefika Itigi. Tukapanda lori la karanga, mimi na yeye, nikiwa nimevaa viatu vilivyonibana mpaka machozi. Tulilikuta juu ya behewa la wazi, limefungwa kamba na kufunikwa turubai. Lilipofunuliwa mume wangu akalia. Mimi niliona tu kwamba kijani chake kimepauka kuliko cha kwenye picha. Karani wa stesheni akatuambia lilisafiri nje, juu ya meli, mawimbi yakilipiga njia nzima, na kweli ukipitisha kidole popote ukilamba ni chumvi. Mume wangu alilamba sehemu nyingi mno, mbele za watu.

Alikuwa dereva wa lori jeshini miaka minne, akafika mpaka Burma. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Akaliwasha vizuri, akatoka stesheni vizuri, watu wanatupungia. Tulipofika njia panda akasimama. Akakaa tu, mikono kwenye usukani.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Jeshini tulikuwa tunakwenda msafara," akasema polepole. "Mimi nilikuwa naangalia lori la mbele. Likienda nakwenda, likisimama nasimama. Miaka minne, mama watoto, nimeangalia matako ya lori la mbele."

"Sasa?"

"Hapa hakuna lori la mbele."

Jamani! Nilivua viatu nikawa tayari kutembea. Lakini alikwishashuka, amemkamata mtu wa baiskeli, wanaelewana. Na hivyo ndivyo gari la kutoka Uingereza lilivyotoka Itigi kwenda Sepuka, likimfuata mtu wa baiskeli mwenye kuku wawili nyuma. Akienda tunakwenda. Mnyororo ukimtoka tunasimama. Kwenye kilima anashuka anasukuma, na sisi tunamfuata kwa mwendo wa kinyonga, injini inalia. Siku ya pili, baada ya Ikungi, bwana yule akakata kona ghafla kuingia kichakani kujisaidia, na sisi tukakata kona. Nikapiga kelele, "Huyo anakwenda haja!" Mume wangu hakusimama mpaka yule mtu aliposimama. Walitazamana kwa muda, mmoja amekamata usukani, mwingine amekamata suruali.

Tulipoingia nyumbani ukoo mzima ulikuwa uani. Vigelegele, watoto, mbwa wamechanganyikiwa. Mama mkwe hakutoka. Aliyetoka ni shangazi wa mume wangu, dada ya marehemu baba yake, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na yeye alikuwa amekwisha kuita wazee wanne wa ukoo. Wakakaa, gari katikati. Mzee mmoja akaligonga kwa fimbo.

"Hiki kitu kimenunuliwa na nini?"

"Na nta, na ng'ombe," mume wangu akasema.

"Ng'ombe wa nyumba ya nani?"

Kila mtu alijua. Wazee hawakuchukua muda. Kitu kilichopatikana kwa ng'ombe wa nyumba fulani ni cha nyumba hiyo. Kama ng'ombe angezaa, ndama angekuwa wa nani? Gari ni la mama yako.

"Na nta yangu?" akalia. "Nimetembea porini, nimeng'atwa na nyuki!"

Wazee wakaona neno hilo lina haki. Wakamuuliza nta yake ilinunua sehemu gani. Mimi nilimkonyeza aseme injini. Akafikiri, akafikiri, akasema, "Magurudumu." Baadaye aliniambia alidhani mwenye magurudumu ndiye mwenye safari. Basi wazee wakaamua hivyo: magurudumu yote manne, na lile la akiba, ni ya mtoto, kilichobaki chote ni cha mama.

Mlango wa mama mkwe ukafunguka. Akatoka na kigoda chake, akalizunguka gari mara moja, akaniambia mimi, "Mwambie mwenye magurudumu aingize mali yangu zizini."

Tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Mwenye magurudumu. Na mimi nikawa mdomo kati yao, wamesimama hatua tatu kila mmoja anasikia, lakini ni lazima nirudie. Mwambie mwenye magurudumu asipige honi, mbuzi wana mimba. Mwambie mama magurudumu yanaomba kwenda Ikungi. Mwambie aende nayo, bodi haitoki leo. Nilichoka mpaka nikawa ninawaambia, "Mmesikiana!" hawajali.

Gari likalala zizini. Usiku wa kwanza ng'ombe walisukumana ukutani kwa hofu. Asubuhi dume moja likalisogelea, likanusa boneti, likalamba. Akaja mwingine. Mpaka mchana zizi zima lilikuwa limelizunguka, linalamba chumvi ile ya bahari, milango, taa, wengine wamepiga magoti wanalamba uvunguni. Mume wangu anapiga yowe, rangi yangu, rangi yangu! Mama mkwe amesimama mikono kiunoni, anafurahi kama siku ya harusi. "Wamempokea," akasema. Akawasha moto, akatia chuma, akalichoma gari alama ya ukoo kwenye mlango wa nyuma, upande ule ule ambao ng'ombe wetu huchomwa. Rangi ikavimba, ikanuka vibaya. Mume wangu alikwenda kukaa nyuma ya ghala na hakutaka chakula. Kisha mama mkwe akalipa gari jina la yule ng'ombe aliyeuzwa.

Sasa mimi nilidhani ni hasira. Haikuwa hasira. Yule mama alilipenda lile gari. Mchana jua likiwa kali alikuwa anaingia kiti cha nyuma, anafunga milango, anabangua karanga zake mle ndani. Akalala mle. Kuku wake mmoja akaanza kutaga chini ya usukani na mama mkwe akakataza mtu yeyote kuendesha mpaka vifaranga vitoke. Asubuhi alikuwa anatoka, anampita mwanawe aliyesimama na shikamoo yake mdomoni, anakwenda kulipapasa gari juu ya taa, anasema nalo maneno mazuri. Nilimwona mume wangu akiangalia mkono ule wa mama yake.

Vifaranga vilipotoka, mama mkwe akatoa ruhusa ya safari moja, kwenda kumwona binti yake aliyeolewa Iramba. Mume wangu kwa wakati ule alishajifunza kwenda bila baiskeli mbele. Mama mkwe akakaa nyuma na mbuzi, mimi mbele. Hatukupita nyumba hata moja bila kusimama. Anagonga kiti changu: "Mwambie mwenye magurudumu asimame." Anashusha kioo. Watoto wanakimbia, "Shikamoo bibi!" Marahaba wajukuu. Wanawake wa kisimani, shikamoo mama, marahaba wanangu. Mchunga ng'ombe kwa mbali shambani, hata hajatusalimia vizuri, mama mkwe amekwisha kupaza sauti, marahaba! Njia nzima kutoka Sepuka mpaka Iramba iliitikiwa siku ile. Tulipokaribia, mume wangu, macho yake barabarani, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama." Kioo kikapandishwa.

Hapo ndipo alipovunjika moyo. Hakuniambia, lakini nilimwona. Baada ya wiki mbili akaniomba nimwambie mama yake kwamba magurudumu yanataka kujazwa upepo mjini Singida. Mama mkwe akaruhusu bodi iende, akatoa na kuku wake kabisa kwanza. Akaondoka asubuhi. Siku hiyo hakurudi. Siku ya pili nikaanza kuwa na wasiwasi, mama mkwe anatoka kila mara kuangalia njia, akisema anaangalia mvua. Ilikuwa kiangazi.

Jioni ya siku ya tatu, jua bado liko juu, tukamwona anakuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaongoza ng'ombe kwa kamba. Jike jeupe, mabaka mekundu. Alikuwa amelitafuta katika kila zizi la mji mzima. Akalileta mpaka miguuni pa mama yake, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekurudishia ng'ombe wako."

Mimi nilishika nguzo ya nyumba. Shangazi naye amefika, majirani wamesimama. Mama mkwe akalizunguka lile jike. Akalifungua mdomo akaangalia meno. Akainama akashika kiwele. Akasimama wima, akanigeukia mimi.

"Mwulize mwenye magurudumu, gari langu liko wapi."

"Nimelibadilisha, mama," mume wangu akasema. "Kwa huyu. Kwa mfanyabiashara wa mjini."

"Mwulize alimwomba nani ruhusa."

Nikamgeukia mume wangu nimuulize. Nikaona jinsi uso wake unavyobadilika, anavyoanza kuelewa alichokifanya, tena, kile kile, kwa mali ya mama yule yule. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na kwa kuwa mdomo wao umekaa chini unacheka, mama mkwe akakosa wa kumtuma, akamgeukia mwanawe mwenyewe.

"Wewe!" akasema. "Miezi tisa nilidhani nimebeba mtoto, kumbe nilibeba mnada! Nikienda kulala umeuza, nikiamka umeuza! Nimekuwa na ng'ombe, ameuzwa! Nimekuwa na gari, limeuzwa! Kesho nikisinzia utanifunga kamba unipeleke mjini, nawe urudi na baiskeli! Baba yako alikuwa mjinga lakini alikuwa anauliza! Gari langu! Lililokubaliwa na ng'ombe! Lina alama yangu mlangoni, huyo mtu wa mjini hakuona alama? Ni kipofu? Na magurudumu uliyatoa, au uliuza na magurudumu?"

"Niliuza na magurudumu, mama."

"Mjinga!"

Akaendelea. Alikuwa na miezi mingi ya maneno ndani yake na yote yalitoka. Mume wangu amepiga magoti pale pale, machozi yanashuka kwenye vumbi la uso, na anatabasamu, anatabasamu kweli, kama mtoto anayepakwa mafuta. Mama mkwe alipovuta pumzi, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinikatize!"

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Mimi niliacha kucheka.

"Hiyo sikusema," akasema. "Imenitoka."

"Ndiyo, mama."

"Sikukuitikia wewe. Ni mazoea ya mdomo. Kesho sikuitikii."

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema, si kwa ukali sana, "Inuka basi. Umepiga magoti kwenye mavi."

Jioni ile mume wangu alikula ugali wake wote na wangu nusu. Asubuhi nilikuwa nakoroga uji nikamsikia anatoka, anakwenda mlangoni kwa mama yake kama kawaida. Nikashika mwiko nikatulia. Nikamsikia anakohoa, anasema shikamoo. Kimya. Kimya kirefu, uji unaanza kuungua na mimi sikorogi.

"Marahaba," mama mkwe akasema kutoka ndani. "Unakwenda kulichukua saa ngapi gari langu?"